Alama Tano za Papara

"Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika..."

Kabla msoma maswali hajavuta pumzi, kidole kimeshabonyeza. Kengele imelia, taa imewaka upande wa kushoto, na mwanafunzi wa mwaka wa pili anatamka kama anayetaja jina la mama yake: Kilimanjaro. Msoma maswali anakaa kimya kidogo. Sivyo. Timu inakatwa alama 5, na wapinzani wanasomewa swali zima bila mtu wa kuwasumbua: mlima mrefu kuliko yote barani Afrika ni Kilimanjaro, je, unaoufuata kwa urefu ni upi? Hawana haraka tena. Wanangoja mpaka mwisho, wanajibu Mlima Kenya, wanaandikiwa 10.

Mtego wa aina hii una umri unaokaribia ule wa chemsha bongo za vyuo zenyewe, na kwa miaka mingi watunzi wa maswali waliuona kuwa utani wa haki. Wachezaji walionaswa hawakucheka. Mvutano wao na watunzi, pamoja na ule wa nani akatwe alama ngapi kwa kosa gani, ndio uliofinyanga mchezo huu ukawa kama ulivyo leo. Anayetaka kujua mashindano fulani yanaheshimu maarifa ya namna gani hana haja ya kusikiliza hotuba za wadhamini. Asome jedwali la alama.

Chanzo chake ni redio ya Marekani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, shirika la USO, lililowaburudisha wanajeshi, lilikuwa na michezo ya kuwachangamsha vijana waliokuwa mbali na kwao. Don Reid, mzaliwa wa Kanada, aliutengeneza upya mchezo wa namna hiyo ili uwafae wanafunzi wa vyuo, na tarehe 10 Oktoba 1953 ukaanza kusikika katika redio ya NBC kwa jina la College Quiz Bowl. Aliyeuliza maswali alikuwa Allen Ludden. Siku hiyo ya kwanza Chuo Kikuu cha Northwestern kiliishinda Columbia kwa alama 135 kwa 60. Timu hazikuonana uso kwa uso. Kila moja ilikaa chuoni kwake, mbele ya wanafunzi wenzake, ikiunganishwa na mwulizaji kwa nyaya za simu, na msikilizaji nyumbani akasikia vyuo viwili vikipambana utadhani vimo ukumbi mmoja.

Maswali yenyewe hayakuwa jambo jipya. Jipya lilikuwa mpangilio wa hatua mbili. Kwanza husomwa swali la kugombaniwa, ambalo yeyote kati ya wanane anaweza kulibonyezea bila kunong'onezana na mwenzake. Akipata, timu yake inavuna 10 na haki ya swali la ziada, ambalo sasa wanne wote wanalijadili huku wapinzani wakikodoa macho tu. Ni kama mpira wa kikapu: refa anaurusha juu, wawili wanaurukia, na upande uliounyakua ndio unaoshambulia. Hata neno "bowl" lilitoka viwanjani, kwenye mechi za mwisho wa msimu wa soka la Kimarekani. Kwa mpangilio huo Reid alizifunga pamoja akili mbili zisizopatana, ile ya mtu mwepesi anayekumbuka kufumba na kufumbua, na ile ya kikundi kinachopima na kubishana. Timu yenye mwepesi mmoja na watatu wa kupamba meza inaweza kunyakua maswali mengi ya kwanza, kisha ikayapoteza ya ziada yote.

Televisheni iliuchukua mchezo huo Januari 1959, kwenye CBS, kwa udhamini wa General Electric. Wakati ulikuwa mbaya. Mwaka huohuo nchi nzima iligundua kwamba michezo mikubwa ya maswali ilikuwa ya kupangwa. Uliovuma zaidi ni ule uliojulikana kama Twenty-One, ambao alama zake zilikuwa na werevu wa pekee: mshindani, akiwa amefungiwa katika kibanda kisichopitisha sauti, alichagua mwenyewe uzito wa swali, kuanzia alama 1 hadi 11, na lengo lilikuwa kufika 21. Kwenye karatasi ni mpango mzuri kuliko wa Reid, maana unampima mtu kwa jinsi anavyojijua. Lakini majibu yalikuwa yakitolewa kabla ya kipindi. Herb Stempel aliagizwa ashindwe, Desemba 1956, kwa swali la filamu iliyopata Oscar ya mwaka 1955; jibu, Marty, alilijua vizuri. Aliyempokea kiti, Charles Van Doren, mwalimu wa Columbia mwenye sura ya kupendeza na jina la ukoo wa wasomi, alikiri yote mbele ya kamati ya bunge tarehe 2 Novemba 1959. Mwaka 1960 sheria ikapitishwa kuufanya upangaji wa matokeo ya michezo hiyo kuwa kosa la jinai.

Mchezo wa vyuo ulisalimika. Fedha zake hazikuingia mfukoni mwa mchezaji, zilikwenda chuoni kugharimia masomo ya wengine, na mwanafunzi wa falsafa mwenye miwani hakuwa na sura ambayo mtayarishaji angeihonga ili watazamaji waongezeke. Uliendelea hadi 1970, baadaye ukiwa NBC na mwulizaji mpya, Robert Earle. Timu iliyoshinda mara 5 mfululizo ilistaafishwa kwa heshima, sheria ya busara inayostahili kuigwa na vyama vingi vya siasa.

Mechi inayokumbukwa kuliko zote ni ya mwaka 1966. Agnes Scott, chuo kidogo cha wanawake mjini Decatur, Georgia, kilipangiwa Princeton, ambayo wakati huo ilikuwa ya wanaume watupu. Hakuna aliyekitarajia chuo hicho. Jibu la ushindi lilitoka sekunde ya mwisho kabisa, kwa mshindani ambaye alikuwa haoni, na ubao ukasimama 220 kwa 215. Tofauti ya alama 5! Ukikumbuka kwamba 5 ndiyo bei ya papara moja, unaelewa kwa nini wachezaji wa mchezo huu huziota alama hizo usingizini.

Bei hiyo inahitaji kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ni ya udanganyifu. Kanuni inasema: ukimkatiza msomaji ukakosea, unatozwa 5, ukingoja swali likaisha ukakosea, hutozwi kitu. Kwa hesabu ya juujuu, mwenye uhakika wa nusu kwa nusu anapaswa kubonyeza kila mara, maana anapata 10 au anapoteza 5. Lakini 5 ni kiingilio tu. Anayekosea huwaachia wapinzani swali lote lililobaki, walisikilize kwa raha zao, tena bila mshindani. Wakilipata wanachukua 10, kisha wanaingia kwenye maswali ya ziada. Kwa mfumo wa Uingereza, ambako ziada ni maswali 3 ya alama 5 kila moja, papara moja inaweza kugharimu 5 zilizokatwa na 25 zilizokwenda ng'ambo. Wachezaji wazoefu hulijua hilo na bado hubonyeza, kwa kuwa upande wa pili nao kuna kidole kinachotetemeka juu ya kitufe.

Uingereza iliupokea mchezo huo tarehe 21 Septemba 1962, kampuni ya Granada ilipourusha kupitia ITV kwa jina la University Challenge. Mwulizaji, Bamber Gascoigne, alikuwa kijana wa miaka 27, na alikaa kwenye kiti hicho hadi 1987. Washindi wa kwanza, mwaka 1963, walikuwa Leicester. Kwenye runinga timu moja ilionekana imekaa juu ya kichwa cha nyingine kama ghorofa. Studioni walikaa bega kwa bega, kamera ndizo zilizowapandisha. Mwaka 1984 wachekeshaji wa The Young Ones waliigiza kana kwamba ghorofa ile ni ya kweli na kuitoboa sakafu, na Waingereza wa rika fulani hawajamaliza kucheka mpaka leo.

Mfumo wa alama ulibaki ule wa Reid, ila ulitulia kwa namna ya Kiingereza: 10 kwa swali la kuanzia, 5 tatu za ziada, na 5 za adhabu. Nambari hizo zimezaa rekodi zake. University College ya Oxford ilijikusanyia 520 mwaka 1987. Sussex, mwaka 1972, iliondoka na 10, yaani jibu moja sahihi, au mengi sahihi yaliyoliwa na papara.

Kilichokuwa na mgogoro huko hakikuwa alama, ilikuwa nani ahesabiwe kuwa timu. Oxford na Cambridge ziliruhusiwa kuingiza kila koleji peke yake, ilhali chuo chenye maelfu ya wanafunzi kama Manchester kilipata timu moja tu. Mwaka 1975 Manchester ilikuja studioni na dawa yake. Swali likisomwa, wanabonyeza: Che Guevara. Linalofuata: Marx. Linalofuata: Trotsky. Halafu Lenin. Iwe kemia, iwe muziki, jibu lilikuwa mwanamapinduzi. Mmoja wa wale wanne, David Aaronovitch, baadaye alikuwa mwandishi wa magazeti anayejulikana sana. Kwa upande wa alama, mgomo huo ulikuwa na akili kuliko unavyosimuliwa: mfumo unaomwadhibu anayekosea kwa haraka hauna la kumfanya mtu ambaye ameamua kukosea. Gascoigne alibaki na karatasi mkononi akiendelea kusoma.

Koleji zinaingia peke yake hadi leo. Hata hivyo Manchester ilishinda taji mara 4 kati ya 2006 na 2013, na moja kati ya hayo, la 2009, ililipata mezani. Corpus Christi ya Oxford ilikuwa imeichapa fainali kwa 275 kwa 190, ndipo ikabainika kwamba mchezaji wake mmoja alikuwa ameshamaliza masomo kabla ya mechi za mwisho kurekodiwa. Koleji ya Oxford ikanyang'anywa kombe, likapelekwa kwa wajukuu wa wale wa Che Guevara.

Kule Marekani, baada ya runinga kuuacha, mchezo ulirudi vyuoni na kuwa wa wapenzi wenyewe. Hapo ndipo maswali yalipobadilika kweli. Swali la televisheni lilikuwa fupi, mstari mmoja au miwili, kwa sababu mtazamaji angechoka. Ufupi huo ulikuwa na kasoro: kama wanne au watano mezani wanajua jibu, mshindi ni mwenye kidole chepesi wala si mwenye kujua zaidi. Na mtunzi aliyetaka kuwachuja hakuwa na silaha nyingine ila ule mtego wa Kilimanjaro. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachezaji waliochoshwa na mambo hayo walianzisha mashindano yao, wakayaita ACF, na mwaka 1996 wengine wakaunda NAQT, ambayo leo huandika maswali ya shule na vyuo kwa maelfu. Silaha yao mpya ilikuwa swali lenye umbo la piramidi.

Piramidi haielezeki vizuri bila mfano, na mfano wa huku kwetu unafaa kuliko wa Marekani. Tuseme jibu ni Kilwa. Mtunzi wa zamani angeuliza kwa sentensi moja. Wa piramidi angeandika hivi:

"Sarafu za shaba za mji huu ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Jumba la Husuni Kubwa lilijengwa hapo, juu ya mwamba unaotazama bahari. Mwaka 1331 Ibn Battuta aliufikia, akamsifu sultani wake kwa ukarimu. Utajiri wake ulitegemea dhahabu ya Sofala, hadi ulipovamiwa mwaka 1505 na kikosi cha Francisco de Almeida. Kwa alama 10, taja mji huu wa kisiwani katika Mkoa wa Lindi, ambao magofu yake, pamoja na ya Songo Mnara, yaliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1981."

Aliyezama katika akiolojia ya Bahari ya Hindi anabonyeza kwenye neno Wessel. Aliyewahi kutembea kisiwani na mwongozaji anabonyeza kwenye Husuni Kubwa. Wa sekondari aliyesoma historia kwa bidii anangoja Ibn Battuta, na aliyelala darasani bado ana Lindi mwishoni. Kila mmoja amepewa mlango wake, na wanapanga foleni kwa kina cha walichosoma. Mpangilio wa vidokezo si wa kuchezea. Anzisha swali hilo na mwaka 1505, na atakayejibu Mombasa atakuwa na haki ya kugomba, kwa sababu Almeida alitoka Kilwa akaenda kuichoma Mombasa katika msimu huohuo. Swali lenye majibu mawili sahihi, hata kwa muda wa neno moja tu, ni dhambi kubwa katika kazi hii kuliko tahajia mbovu. Ndiyo maana nao mtego wa "ni Kilimanjaro, je, unaofuata" ulipigwa marufuku na watunzi wapya: kwao, mtu aliyekatiza akiwa anajua asiadhibiwe kwa kujua.

Alama zilifuata. NAQT iliweka alama ya nyota ndani ya maandishi ya swali: anayejibu kabla ya nyota anapata 15, baada ya hapo 10, na anayekatiza akakosea anakatwa 5. ACF katika kanuni zake za msingi ilikataa hizo 15, wenzao walizipenda. Ni mzozo wa kinadharia unaoweza kuwaweka watu wazima macho hadi saa nane za usiku. Upande mmoja unasema anayejua zaidi ameshalipwa kwa kujibu mapema, maana amempokonya mpinzani nafasi. Wa pili unasema kati ya anayejua Wessel na anayejua Lindi kuna umbali, na ubao usipouonyesha umbali huo ubao unasema uongo. Mwandishi wa makala haya yuko na hao wa pili, ingawa anakiri kwamba 15 huwafanya vijana waropoke zaidi.

Piramidi ilikuja na udhaifu wake, ambao mchezo wa zamani haukuujua: maneno ya kwanza ya swali yakawa mali. Machi 2013 NAQT iliinyang'anya Harvard mataji 4 ya kitaifa. Mchezaji wake mmoja, ambaye pia alikuwa akiiandikia NAQT maswali ya mashindano mengine, alikuwa amefungua kurasa za ndani za mfumo wa kompyuta ambazo zilionyesha takriban herufi 40 za mwanzo za maswali ya fainali zilizokuwa zinakuja. Herufi 40! Katika swali la Kilwa hapo juu, hizo zinafika kwenye neno "ziliokotwa". Kwa mtunzi wa mwaka 1953 zingekuwa kitu cha kupuuza, mwanzo wa sentensi tu. Kwa piramidi, sarafu za shaba za mji fulani ni zaidi ya nusu ya siri.

Afrika ina mashindano yake, na makubwa kuliko yote yako Ghana. Wazo la mashindano ya sayansi na hisabati ya shule za sekondari lilizaliwa mwaka 1993 kwa Kwaku Mensa-Bonsu, na inasimuliwa kwamba lilitoka kwenye maongezi ya baada ya tenisi na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Ghana. Prempeh College ya Kumasi ilikuwa bingwa wa 1994. Mwulizaji wa kwanza, Profesa Marian Ewurama Addy, alikuwa mtaalamu wa biokemia, na mwaka 1999 UNESCO ilimpa Tuzo ya Kalinga kwa kazi ya kuileta sayansi karibu na umma. Tangu 2006 kiti kimekuwa cha Profesa Elsie Effah Kaufmann, mhandisi wa tiba. Kwamba wanawake wasomi ndio wanaotoa hukumu mbele ya kumbi zinazotikiswa na ngoma, tarumbeta na nyimbo za mashabiki wa shule, ni jambo ambalo Waghana wameshalizoea kiasi cha kutoliona. PRESEC ya Legon, shule ya wavulana, imebeba kombe mara 8, na magazeti huandika habari zake kama za klabu ya mpira.

Alama za Ghana ni somo peke yake. Shule 3 hukaa jukwaani, kila moja na wanafunzi 2, na mechi ina raundi 5, kila raundi na bei yake ya kosa. Katika raundi ya kwanza kosa ni bure. Raundi ya pili ni ya mbio: 3 kwa aliyepata, na anayekosea anakatwa 1. Ya tatu haina kengele kabisa; wanapewa tatizo moja la alama 10 na dakika chache za kuandika, na hapo mwepesi wa kidole hana msaada wowote. Ya nne ni ya kweli au si kweli, 2 kwa jibu sahihi, na kosa linakatwa 1, ila shule inaweza kukataa kujibu na swali likahamia kwa jirani. Mwanafunzi wa hisabati ataona haraka kwamba hata mrusha sarafu hapa anapata wastani wa nusu alama kwa kila swali, kwa hiyo kunyamaza ni ghali kuliko kubahatisha. Watungaji wa mtihani wa SAT wa Marekani walikuwa wakali zaidi: kwenye swali la majibu 5 walikata robo alama kwa kila kosa, ili mbahatishaji aishie sifuri, hadi walipoiondoa adhabu hiyo mwaka 2016.

Raundi ya tano ni mafumbo, na ndiyo huamua mechi nyingi. Kitu kinajieleza chenyewe kwa nafsi ya kwanza, kidokezo baada ya kidokezo. Atakayekitambua kwa kidokezo cha kwanza anapata 5, kwa cha pili 4, kwa cha tatu na kuendelea 3. Anayekosea ananyamaza, wenzake wanaendelea kusikiliza.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kuisikia raundi hiyo asikumbuke baraza la bibi. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango, na mtoto wa jirani ameshapiga kelele "yai" kabla neno la mwisho halijatoka. Lakini jedwali la alama la bibi ni kinyume cha lile la Marekani, na jambo hilo halijasemwa vya kutosha. Katika kitendawili kosa halina bei. Taja jiwe, taja kaburi, taja chupa. Unachekwa kidogo na kuendelea kujaribu. Kinachotozwa ni kusalimu amri. Asiyejua huambiwa atoe mji, naye hutoa Zanzibar au Tabora, na mtegaji huupokea, huutembelea kwa maneno, hula na kunywa huko kwa gharama ya aliyeshindwa, ndipo afumbue. Kwa Reid kunyamaza ni bure na kujaribu kuna hatari. Kwa bibi kujaribu ni bure na kunyamaza kunagharimu mji mzima. Mmoja alikuwa anatafuta mshindi kabla ya muda wa matangazo, mwingine alikuwa na usiku kucha na watoto wa kuwafundisha kusema.

Mfumo wa Reid uliwahi kutia nanga Afrika Mashariki. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Celtel ilidhamini mashindano ya televisheni ya vyuo vikuu vya nchi kadhaa za Afrika, Kenya, Tanzania na Uganda zikiwemo, kwa muundo uleule wa College Bowl, huku Richard Reid, mwana wa Don, akiwa mmoja wa watayarishaji. Mwulizaji alikuwa John Sibi-Okumu wa Kenya, mwigizaji na mtangazaji ambaye wengi walimjua kwa filamu ya The Constant Gardener, na sauti yake ya jukwaani ilifanya hata swali la biashara ya pamba lisikike kama hukumu ya mahakama. Celtel ilipogeuka Zain mwaka 2008 mashindano yalibadilisha jina pamoja nayo, na mwaka 2010 mtandao huo wa Afrika ulipouzwa kwa Bharti Airtel ya India, kipindi hakikudumu. Wanafunzi wa Dar es Salaam, Makerere na Nairobi waliwahi kukaa nyuma ya vitufe hivyo na kukatwa 5 kama wenzao wa Northwestern.

Maswali yote yalikuwa kwa Kiingereza. Laiti yangetungwa kwa Kiswahili, kanuni ya papara ingebidi iandikwe upya, kwa sababu lugha yenyewe ina mitego yake. Kiingereza hutanguliza neno la kuuliza. Mchezaji anajua tangu mwanzo kama anatakiwa kutaja jina, mahali au nambari. Kiswahili huliweka mwishoni. "Mlima mrefu kuliko yote barani Afrika" inaweza kumalizikia "ni upi", au "uko nchi gani", au "una urefu wa mita ngapi", na anayekatiza na jibu la Kilimanjaro amecheza kamari hata pale ambapo mtunzi hakukusudia kumtega. Mtunzi anaweza kusema "Ni mlima gani", kama mitihani ifanyavyo, ila mtindo huo ukirudiwa mara 20 kwa mechi moja unachosha sikio.

Halafu kuna upande wa pili, ambao ungewafurahisha wenye papara. Ngeli hazifichi kitu. Mtunzi wa Kiingereza anaweza kuanza na "it" na kumwacha mchezaji gizani sentensi nzima. Wa Kiswahili akisema tu "Alizaliwa", kila mtu ameshajua kwamba anatafutwa mtu au mnyama. Akianza "Ulichimbwa kwa miaka 10, ukafunguliwa Novemba 1869", silabi ya kwanza imeshafanya kazi ya kidokezo kizima: kisima, shimo, handaki na bwawa vimetoka kwenye orodha, vimebaki mfereji, mtaro na mgodi, na yule wa mwaka wa pili, upande wa kushoto, ameshasogeza kidole.